Osha Choo, Usioshe Mapafu

Mwongozo huu ni wa watu wa usafi wa kisiwa cha Chale, Kwale, na majirani zao wote, kuanzia Galu na Kinondo hadi Gazi na Msambweni: wanaopiga deki hotelini, wanaosugua vyoo vya shule, wanaofua mashuka ya wageni na wanaotunza nyumba za wenyewe wanaokuja mara moja kwa mwaka. Njiani utacheka. Tunazozicheka ni tabia. Maagizo yenyewe fuata kama yalivyoandikwa.

Tuanze na maji, maana ugomvi wote huanzia hapo. Visima vya ufuo huu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na mwamba huo ni chokaa tupu. Maji hutoka yamebeba chokaa, na kadiri unavyosogea baharini hubeba na chumvi. Yakikauka huacha ukoko mweupe kwenye bomba, kwenye matundu ya shawa, na kile kipete kigumu ndani ya bakuli la choo pale maji yanapotuama. Sugua kwa sabuni mpaka mkono ufe ganzi, hautoki. Mimina jik, hautoki. Ukoko wa chokaa unataka asidi.

Geuka sasa utazame kona za bafu hilohilo. Unyevu wa bahari umeotesha kuvu nyeusi katikati ya vigae na chini ya pazia la shawa. Nayo klorini ndiyo dawa yake. Kwa hiyo mtu wa usafi wa pwani, ndani ya chumba kisichozidi hatua tatu kwa tatu, anadaiwa kutumia asidi na klorini asubuhi moja, na hivi viwili havitakiwi kukutana kabisa. Hiyo ndiyo hatari yenyewe. Haiji kwa sababu mtu ni mzembe. Imejengwa ndani ya kazi, na anayetakiwa kuitatua mara nyingi hajawahi kuambiwa kilichomo ndani ya chupa.

Harufu si usafi

Kuna imani iliyoenea ufuoni kote kwamba bafu lisilokutoa machozi bado halijaoshwa. Supavaiza anafungua mlango, anavuta pumzi, anasema, "Hapa bado, sisikii kitu." Dada wa watu anarudi na chupa, anaongeza. Mara ya pili supavaiza anakohoa na kuridhika.

Hebu tuicheke imani hii waziwazi, kisha tuiache. Kile unachonusa ni dawa iliyokwisha toka kwenye kigae ikaingia hewani, na sasa iko njiani kwenda kifuani kwako. Haisafishi tena chochote. Hata bwawa la kuogelea linalonuka klorini kutoka mbali ni bwawa lenye kasoro: harufu ile kali hutokea klorini inapokutana na jasho na mkojo wa waogeleaji ikazaa kitu kingine kiitwacho kloramini. Bwawa lililotunzwa vizuri halina harufu ya kukukimbiza.

Usafi unapimwa kwa macho na vidole. Pitisha kidole kwenye kigae: kina utelezi au hakina? Tazama chini ya ukingo wa choo kwa kioo kidogo. Pua iache ifanye kazi yake ya kukuonya. Ikianza kuwasha, toka nje.

Jua ulichoshika

Dawa za stoo zina majina mengi na rangi za kupendeza, lakini ukiyavua mapambo hayo zinabaki familia chache. Kuna klorini: jik na ndugu zake, pamoja na unga na vidonge vya bwawa. Kuna asidi: dawa nyingi za choo, dawa za kuondoa ukoko, siki, na maji ya kusafishia vigae baada ya ujenzi. Kuna kostiki soda na wenzake, wanaozibua mabomba na kula mafuta ya jikoni kwenye oveni. Kuna amonia, ambayo hupatikana kwenye baadhi ya dawa za vioo. Na kuna za kuwaka moto, kama spiriti na tapentaini.

Usikariri majina ya kampuni, maana yatabadilika meneja wa ununuzi akibadilika. Soma ubavu wa chupa. Tangu mwaka 2003 Umoja wa Mataifa una mfumo mmoja wa alama za kemikali, na alama zake ni pembenne nyeupe iliyosimama kwenye ncha, yenye ukingo mwekundu. Ukiona ndani yake majimaji yanadondokea mkono na kipande cha chuma, dawa hiyo inakula ngozi na macho. Fuvu na mifupa ni sumu ya kuua upesi. Ndimi za moto zinajieleza. Alama ambayo wengi huipuuza ni ile ya kifua cha mtu chenye nyota iliyopasuka katikati: hiyo inasema madhara yatakuja polepole, mapafuni, tumboni kwa mja mzito, au baada ya miaka, wakati ambao hakuna atakayekumbuka uliyapatia wapi.

Maandishi yakiwa ya Kichina au Kijerumani, mtu asikulaumu kwa kutoyasoma. Mwambie aliyeinunua akuletee karatasi ya usalama ya dawa hiyo na mtu wa kukufafanulia kwa Kiswahili au Kidigo.

Mkemia wa bafuni

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Mkemia wa bafuni ni mtu anayeamini kwamba kama dawa moja inafanya kazi, mbili zitafanya kazi maradufu. Anamimina dawa ya choo, anaongeza jik, anatia sabuni ya unga kwa ajili ya povu, na akikuta matone ya siki yamebaki jikoni nayo hayaachi. Povu linapanda, anatabasamu. Povu lile si uchafu unaokimbia. Asidi inaivunja klorini na kuitoa kwenye maji kama gesi, na gesi hiyo ndiyo ileile ambayo jeshi la Ujerumani liliifungulia tarehe 22 Aprili 1915 karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, zaidi ya tani 150, dhidi ya askari waliokuwa ndani ya mahandaki. Walioumia zaidi ni waliojificha chini, kwa sababu gesi ya klorini ni nzito kuliko hewa karibu mara mbili na nusu, hivyo hujaa chini kama maji yanavyojaa kwenye karai.

Sasa mfikirie mtu anayesugua choo. Amepiga magoti, kichwa kiko usawa wa bakuli, mlango ameusukuma ili asimsumbue mgeni, na dirisha la bafu ni dogo au halipo. Yuko ndani ya handaki lake.

Usidhani lazima mtu awe mjinga ndipo achanganye. Mara nyingi wachanganyaji ni watu wawili, na kila mmoja amefanya jambo sahihi. Novemba 2019, katika mkahawa mmoja mjini Burlington, jimbo la Massachusetts, Marekani, dawa ya kuondoa ukoko yenye asidi ilimwagika kwenye sakafu ya jikoni. Baadaye mfanyakazi mwingine, bila habari, akaja kuosha sakafu ileile kwa dawa yenye klorini. Sakafu ikageuka kijani na kuanza kuchemka. Meneja, kijana wa miaka 32, akachukua kifagio cha mpira ili ayasukume maji yale nje. Alikufa siku hiyohiyo, na wengine kadhaa wakapelekwa hospitalini.

Ihamishe hadithi hiyo mpaka Chale na uone ilivyo rahisi. Wa zamu ya jioni anamimina asidi ndani ya choo cha chumba kilicho wazi ili ilale ikila ukoko. Nia yake njema. Asubuhi wa zamu ya pili anaambiwa mgeni anafika saa nne, anaingia mbio, anamimina jik. Hakuna aliyekosea, ila hawakuambiana.

Kwa hiyo tengeni siku. Siku ya ukoko ni siku ya asidi, na klorini ibaki stoo imefungiwa. Siku ya kuvu ni ya klorini, na asidi ifungiwe. Katikati ya siku hizo choo kivutwe mara kadhaa na kuta zimwagiwe maji mengi safi. Brashi ya asidi iwe ya rangi moja na ya klorini rangi nyingine, maana manyoya ya brashi hubeba dawa ya jana. Ndoo vivyo hivyo, na vitambaa. Mlangoni pa bafu lenye dawa inayolala tundika kibao kinachotaja dawa gani na saa ngapi imewekwa. Kipande cha katoni na makapeni vinatosha, wala havihitaji bajeti.

Klorini ina maadui wengine. Ikikutana na amonia huzaa kloramini, nayo hubana kifua. Mkojo uliolala una amonia, kwa hiyo choo cha shule au cha stendi kivutwe au kimwagiwe maji ya kutosha kabla jik haijakaribia. Usiichanganye na spiriti. Na sabuni ya maji ya kupima, ile inayotengenezwa mitaani kwa ungarol na vitu ambavyo kila fundi anavificha, tumia peke yake halafu suuza, kwa kuwa hata muuzaji pengine hawezi kukuambia yote yaliyomo.

Bingwa wa kukisia

Huyu hana kikombe cha kupimia. Anainamisha mtungi, anasikiliza mlio wa maji, anasema imetosha. Kesho mlio unabadilika. Dawa ikiwa nyepesi mno haiui vijidudu, ikiwa nzito mno inakula grauti ya vigae, inaunguza ngozi na kumaliza stoo kabla ya mwisho wa mwezi.

Hesabu ni fupi. Tafuta asilimia iliyoandikwa kwenye chupa. Kama ni 5, chukua kipimo 1 cha dawa na vipimo 49 vya maji, upate asilimia 0.1, ambayo inatosha kwa vitasa, sinki na sakafu iliyokwisha oshwa. Penye damu au matapishi, baada ya kuyafuta, nguvu inayotakiwa ni asilimia 0.5, yaani kipimo 1 cha dawa kwa 9 vya maji. Kipimo kiwe chochote, kikombe au kifuniko, mradi kiwe kilekile.

Maji yawe ya baridi. Maji ya moto huivunja klorini na kuirusha hewani. Tangulia kuweka maji kwenye ndoo, kisha dawa, ili isikurukie. Kwa asidi kali kanuni hii haina msamaha: ukimimina maji juu ya asidi, inachemka na kukutapikia usoni.

Klorini haipigani na tope. Uchafu ukiwepo, nguvu yake yote huishia kwenye uchafu na vijidudu vinabaki salama. Osha kwanza kwa sabuni, suuza, ndipo upake klorini na kuiacha kama dakika 10. Iliyochanganywa leo imwagwe leo. Na mtungi usiofunguliwa nao una umri: joto na jua huiua klorini polepole, kwa hiyo stoo ya mabati inayochemka tangu Januari inaweza kukukabidhi maji yenye harufu na bila kazi. Andika tarehe kila mtungi unapopokelewa, na wa kwanza kuingia uwe wa kwanza kutoka.

Chupa ya soda ni ya soda

Madukani Ukunda jik hupimwa kwenye chupa yoyote utakayoleta. Ndani ya chupa ya maji inaonekana maji. Dawa ya sakafu ya rangi ya machungwa ndani ya chupa ya soda inaonekana soda, na mtoto wa miaka mitatu hana sababu ya kudhani vingine. Mtu mzima naye, anayerudi kutoka juani na kukuta chupa ya maji juu ya toroli la vyumba, hanusi kabla ya kunywa.

Kwa hili sina mzaha hata kidogo. Usihamishe dawa kwenye chombo cha kunywea, hata kwa nusu saa, hata kama utarudi sasa hivi. Kama dawa lazima ihamishwe, iingie kwenye chupa ya dawa, yenye jina, nguvu yake na tarehe, kwa maandishi yasiyofutika kwa maji. Chupa uliyoikuta bila jina usiinuse ili kuitambua. Itoe kazini.

Mavazi, na adui anayeitwa kupuliza

Glavu jaribu kabla ya kuvaa: puliza hewa ndani, finya mdomo wake, sikiliza. Glavu yenye tundu ni mbaya kuliko mkono mtupu, kwa sababu dawa ikishaingia inafungiwa humo pamoja na vidole. Gambuti zikivaliwa, suruali iwe nje ya gambuti ili kinachochuruzika kianguke sakafuni, kisiingie ndani ya kiatu. Mtandio uchomekwe vizuri usitumbukie ndooni. Leso ya kiunoni si aproni. Ikilowa dawa hukaa imeigandamiza kwenye paja mpaka ngozi ichubuke, kwa hiyo ivue upesi na umwagie maji. Miwani ya kukinga macho ivaliwe wakati wa kuchanganya na wakati wa kufanya kazi juu ya usawa wa kichwa, kama unaposugua shawa, maana kinachosuguliwa juu huanguka machoni. Barakoa ya kitambaa, au ile ya buluu ya hospitali, haizuii gesi. Inayokukinga na gesi ni dirisha lililo wazi, na ufuo wetu umejaliwa upepo: kusi au kaskazi, fungua mlango na dirisha, ukae upande upepo unakotoka.

Kupuliza kwa chupa ya spree nakusihi ukupunguze. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, walichapisha matokeo ya kufuatilia watu 6,235 kwa muda wa miaka 20 hivi. Wanawake waliokuwa wakifanya usafi, kazini au nyumbani, mapafu yao yalipungua nguvu haraka kuliko ya wasiofanya, na kwa wafanyakazi wa usafi upungufu huo ulikaribia ule wa kuvuta pakiti ya sigara kila siku kwa miaka 10 hadi 20. Ushauri wao ni rahisi: kwa kazi nyingi, maji na kitambaa cha nyuzi laini vinatosha. Panapohitaji dawa, imimine kwenye kitambaa kisha ufute, badala ya kuigeuza ukungu unaoelea mbele ya mdomo wako. Wenye pumu waliambie kundi mapema, na wasipangiwe siku ya klorini. Halikadhalika wajawazito.

Dada zetu wa Kwale walioko Muscat, Riyadh na Doha nao wanahusika. Huko bafu limefungwa barabara ili ubaridi wa eyakondishina usitoke, na jik ina jina jingine, lakini asidi na klorini zinafanya lilelile. Washa feni ya bafu, acha mlango wazi, na mama mwenye nyumba akikuagiza uchanganye, mwambie dawa hizi zikichanganywa zitaumiza na watoto walio chumba cha pili.

Dobi na bwawa, kwa kifupi

Chumvi ya bahari inatia kutu kila kitu, pamoja na mashuka yaliyoanikwa kwenye waya. Dobi wengi wana kichupa kidogo cha kutoa doa la kutu. Kisome kabla ya kingine chochote, kwa kuwa baadhi yake vina asidi ya haidrofloriki. Asidi hii inaweza isiume mara moja inapogusa ngozi. Inazama, na maumivu huja baada ya saa kadhaa ikiwa imeshafika kwenye mfupa. Dawa ya kwanza, baada ya maji mengi, ni jeli ya kalsiamu glukoneti. Kama jeli hiyo haiko dobini, basi na kichupa hicho kisiwe dobini. Ndimu na jua vimetoa madoa mengi ya kutu pwani hii.

Bwawani, unga wa klorini na vidonge vyake si kitu kimoja hata kama vyote ni vyeupe. Vikichanganywa kwenye ndoo moja, hasa vikiwa na unyevu, vinaweza kulipuka. Kijiko cha kimoja kisiingie kwenye kopo la kingine. Asidi ya bwawa ikae chumba kingine kabisa.

Likiharibika

Chale ni kisiwa. Maji yakipwa, trekta huvuka. Yakijaa, ni mashua, na siku za bamvua tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita tatu. Ajali haitasubiri ratiba hiyo, kwa hiyo mpango uwepo kabla: nani anaita mashua, gari linangoja wapi upande wa bara, na mgonjwa anapelekwa Diani au Msambweni kwenye hospitali ya rufaa ya kaunti. Mpango huo ubandikwe stoo ukiwa na namba za simu, na watu wa zamu ya usiku waujue kwa moyo.

Dawa ikiingia jichoni, maji safi yanayotiririka, kope zikiwa zimefunuliwa kwa vidole, kwa dakika 15 hadi 20 za saa. Dakika moja ya kumwagia halafu kukimbilia gari haitoshi. Osha kwanza, safari baadaye. Ikimwagikia ngozi, vua nguo zote zilizolowa bila kuona haya, na maji vivyo hivyo. Usipake asidi juu ya kostiki kwa hesabu kwamba zitauana, zitakuunguza zote mbili. Aliyemeza asitapishwe, maana kilichounguza koo kikishuka kitaliunguza tena kikipanda. Asukutue mdomo, na chupa yenyewe iende naye hospitalini.

Aliyevuta gesi mtoeni nje, mkae naye akiwa ameketi wima. Msiingie watatu kumwokoa mmoja. Mkimbizeni kwa daktari hata akisema amepoa, kwa sababu mapafu yanaweza kujaa maji saa nyingi baadaye, usiku, akiwa amelala peke yake nyumbani Mwabungo. Na jirani anayekuja mbio na pakiti ya maziwa mshukuruni kwa moyo wake, kisha mweke maziwa kando. Maziwa huenda tumboni. Hayafiki mapafuni.

Mwenye mali naye ana zamu

Mpaka hapa nimemwelekeza mwenye brashi. Lakini mwenye brashi hanunui dawa, hapangi zamu, wala hakujenga bafu lisilo na dirisha. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, ya mwaka 2007, inamtaka anayemiliki au kuendesha mahali pa kazi alinde usalama wa watu wote wanaofanya kazi hapo. Wote ni pamoja na kibarua wa siku na dada aliyeletwa na mkandarasi. Mavazi ya kujikinga ni wajibu wa mwajiri kuyatoa na kuyatunza. Kemikali ziwe na lebo na karatasi zake za usalama. Penye wafanyakazi 20 au zaidi iwepo kamati ya usalama na afya, yenye wafanyakazi ndani yake. Na mfanyakazi aliyeripoti hatari kubwa iliyo karibu hatakiwi kurudishwa kwenye hatari hiyo mpaka irekebishwe. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, ya mwaka huohuo, inahesabu pia magonjwa yanayoletwa na kazi, kwa hiyo kikohozi kisichoisha nacho kiandikwe kitabuni na tarehe yake.

Najua yanavyosikika haya kwa mtu anayesubiri kuitwa msimu wa wageni ukianza. Akisema sana, mwakani haitwi. Ndiyo maana asiseme peke yake. Kuna chama cha KUDHEIHA, kinachowaunganisha wafanyakazi wa majumbani, hotelini, shuleni na hospitalini. Kuna ofisi za serikali za usalama na afya kazini, ambazo zina mamlaka ya kukagua. Na hata kabla ya hapo, watu wanne wa zamu moja wakienda pamoja kwa meneja kuomba kikombe cha kupimia na glavu zisizotoboka, ombi hilo ni gumu kulikataa.

Meneja, na wewe nakuomba jambo moja leo. Shuka ukapige magoti kwenye bafu lako dogo kuliko yote, mlango umefungwa, na ukae hapo dakika tano ukipumua. Kisha uangalie gharama ya feni ya kutoa hewa.

Mabaki

Maji ya dawa yaliyobaki ndooni hayamwagwi nyuma ya jiko. Mwamba wa matumbawe una vitundu, na kinachomwagwa juu hupita humo kwenda baharini, kwenye mapango ya pweza, au kurudi kwenye kisima kilekile. Wala usimimine galoni zima la klorini chooni ili kulimaliza, kwa sababu tangi la maji taka linafanya kazi kwa vijidudu vyake, na ukiviua, kinyesi kinatoka upande wa pili kama kilivyoingia. Changanya cha kutosha kazi ya siku tu, tatizo la mabaki liishe lenyewe.

Msituni usizike wala usichome kitu. Chale ina kaya, yaani msitu mtakatifu, ya Wadigo, na ng'ambo yake iko Kaya Kinondo, mojawapo ya kaya za Wamijikenda zilizoingizwa mwaka 2008 kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Wazee wamezilinda kwa vizazi bila kuhitaji kibao cha mtu. Tusiwape kazi ya kuokota makopo yetu.

Na mitungi mitupu. Ni mizuri, ya plastiki nene, na nyumbani maji hayatoshi, kwa hiyo kila mtu anautaka mmoja wa kutekea. Usiupeleke. Plastiki imeshakunywa dawa na haitaitema yote hata ukiusuuza mara kumi. Suuza mara tatu, maji ya kusuuzia yarudi kwenye ndoo ya kazi, kisha utoboe kwa msumari wa moto chini na ubavuni, mashimo makubwa yanayoonekana, ndipo utoke getini kwenda kwa wanunuzi wa plastiki chakavu.